Kasha la akriliki likififia: tatizo liko wapi, na linarudishwaje uangavu wake

Kasha la maonyesho likianza kuwa na ukungu, mwenyewe husema limezeeka. Mara nyingi si uzee. Akriliki halisi, ile ambayo mafundi wengi wa mabango huiita Perspex hata ikitoka kiwanda kingine, inavumilia jua kuliko karibu plastiki zote tunazoziona madukani. Paa la uwanja wa Olimpiki wa Munich, lililojengwa kwa michezo ya 1972, liliezekwa kwa mabamba ya akriliki yakakaa nje, jua na theluji vyote vikiyapiga. Sasa kasha lenye kombe au mfano wa jahazi, limekaa sebuleni tu, lina sababu gani ya kuchoka baada ya miaka mitatu? Likichoka, kuna mkono wa mtu: kitambaa kikavu, dawa ya kusafishia vioo, sanitaiza, gundi isiyofaa, au fundi aliyekata kwa leza akaunganisha papo hapo.

Kwa hiyo usianze na polishi. Anza kwa kujua una plastiki gani, halafu ukungu wenyewe ni wa aina gani.

Ni akriliki kweli?

Vijikasha vingi vya bei rahisi vinavyouzwa tayari kwa ajili ya magari ya mfano na saa ni vya polistirini. Vikiwa vipya vinang'aa sawasawa na akriliki, lakini vikikaa karibu na dirisha hugeuka njano na kuvunjika kama biskuti. Polikaboneti nayo, kama haikuwekewa kinga ya jua, huelekea njano. Rangi hiyo imeingia ndani ya plastiki yenyewe, na hakuna msasa wala polishi itakayoitoa.

Kipimo kisichohitaji moto ni cha maji ya chumvi. Koroga gramu 150 za chumvi ya mezani katika lita moja ya maji mpaka iyeyuke yote. Kata kipande kidogo cha plastiki mahali pasipoonekana, kitumbukize na ukigonge-gonge ili viputo vya hewa viachie. Polistirini itaelea. Akriliki itazama, kwa sababu uzito wake ni gramu 1.19 kwa kila sentimita ya ujazo, na maji hayo hayafiki hata 1.15. Polikaboneti pia itazama, ila hiyo unaitambua ukiipinda: inakunjika bila kukatika, wakati akriliki hukatika ghafla. Ukiamua kuchoma kijipande, fanya hivyo nje na ukishike kwa koleo. Akriliki huwaka kwa kutatarika, moshi wake ni mdogo na harufu yake ni tamutamu kama ya matunda. Polistirini hutoa moshi mweusi wenye masizi yanayoruka.

Akriliki yenyewe ni ya namna mbili. Iko ya kumiminwa, inayotengenezwa kwa kumimina majimaji katikati ya vioo viwili yakaganda, na iko ya kukamuliwa na mashine kama tambi. Ya kumiminwa ni ghali zaidi, lakini inastahimili kemikali na gundi vizuri zaidi. Ya kukamuliwa hubaki na mkazo, yaani mvutano uliofungiwa ndani yake tangu kiwandani, na mkazo huo ndio mlango wa vinyufa. Kuzitofautisha, mwambie fundi wa leza achore mstari kwenye kipande cha majaribio: ya kumiminwa huacha mchoro mweupe kama barafu, ya kukamuliwa mchoro wake unabaki wazi, hauonekani vizuri.

Soma ukungu kabla ya kugusa chochote

Zima taa za chumba. Shika tochi ya simu pembeni mwa kasha, mwanga upite ubavuni badala ya kulipiga usoni, kisha angalia. Chora kwa kidole upande wa nje, halafu upande wa ndani, ujue utando uko wapi.

Utando wa nje unaotoka kwa kidole ni mafuta ya jikoni, moshi wa sigara au ubani, au mabaki ya dawa ya mbu ya kupuliza. Huo unaoshwa tu. Utando wa ndani ni habari nyingine. Mara nyingi ni mvuke kutoka kwenye kitako: rangi au vanishi iliyofunikwa kabla haijakauka vizuri, gundi ya MDF (bao la unga wa mbao uliogandamizwa), sponji, au povu chini ya kitambaa. Ukiusafisha bila kuondoa chanzo, baada ya miezi michache utarudi pale pale.

Mikwaruzo ipime kwa maji. Lowesha sehemu ndogo, kiasi cha upana wa kiganja, uangalie tena. Mkwaruzo ukipotea ukiwa umelowa, ni wa juujuu na polishi itauweza. Ukibaki kuonekana, pitisha ukucha: ukinasa, unahitaji msasa.

Kama unachoona ni nyuzi nyembamba zinazometameta, zimeanzia ukingoni, kwenye tundu la skrubu au kwenye kiungo na kuelekea ndani, na maji hayazibadilishi hata kidogo, hivyo ni vinyufa vya mkazo. Vipo ndani ya akriliki. Ukivisugua unapunguza unene tu.

Kuosha

Puliza vumbi kwanza kwa pampu ndogo ya mpira au brashi laini ya nywele. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo, sembuse akriliki ambayo ni laini kuliko kioo kwa mbali. Kila ukipangusa vumbi kavu unasugua kasha kwa msasa mwembamba sana. Ndiyo maana makasha mengi ya madukani yana mikwaruzo ya duara mbele, mahali ambapo muuzaji anapitisha kitambaa kila asubuhi, na ubavuni pako safi.

Kisha changanya maji ya uvuguvugu lita moja na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na chembe za kusugulia wala klorini. Ikiwezekana, ondoa kasha kwenye kitako chake ulimiminie maji hayo yateleze na mchanga uliobaki. Usipoweza kulitoa, tumia kitambaa cha maikrofaiba kilicholowa chepechepe, ukikivuta kuelekea upande mmoja bila kuzungusha na bila kukandamiza. Suuza kitambaa baada ya kila upande. Maliza kwa kitambaa cha pili kilicholoweshwa maji safi, na cha tatu kikavu cha kubandika na kuinua, sio cha kusugua. Kwenye miji ambako maji ya bomba au kisima yana chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya chupa au ya mvua yaliyochujwa, la sivyo utabaki na madoa meupe ya chokaa ambayo watu huyachukulia kuwa ni kufifia.

Vitambaa vya kasha viwe vya kasha. Kile kilichofuta meza tayari kina mchanga. Gazeti, ambalo wengi tumezoea kufutia vioo, lisiguse akriliki, na tishu za jikoni pia ziache.

Akriliki ikisuguliwa ikiwa kavu hujaa umeme tuli, na dakika hiyo hiyo inavuta vumbi lote la chumbani. Ndiyo sababu unafuta, ukigeuka linarudi. Kitambaa chepechepe huuondoa umeme huo. Dawa maalumu za kuzuia umeme tuli zipo na zinasaidia, hasa upande wa ndani wa kasha ambao hutaki kuufungua mara kwa mara.

Vinavyoliua kasha

Orodha si ndefu, lakini vitu vyake viko kila nyumba: spiriti, sanitaiza, dawa ya vioo yenye amonia, thina, petroli, asetoni au kiondoa rangi ya kucha, na manukato. Hivi haviichafui akriliki, vinaingia mahali penye mkazo na kuipasua. Mwaka 2020 kaunta nyingi za benki, maduka na hospitali ziliwekewa vizuizi vya akriliki, kisha vikafutwa kwa sanitaiza kutwa mara kadhaa. Katikati ya bamba palionekana pazuri, lakini kingo zilizokatwa kwa leza na matundu ya skrubu vikajaa vinyufa. Ukitaka kuona mwenyewe, chukua kipande cha akriliki ya kukamuliwa kilichotoka kwenye leza, kipinde kidogo na upake spiriti ukingoni. Haichukui muda.

Dawa ya mbu na ya mende inastahili kutajwa peke yake kwa sababu hakuna anayeifikiria. Mkebe wa kupuliza hubeba viyeyushi pamoja na sumu, na matone yake hutua juu ya kasha. Funika kasha kwa shuka kabla ya kupuliza, au lihamishe.

Adui mwingine hana harufu. Plastiki laini ya PVC, kama ile ya vitambaa vya mezani vya plastiki, miguu ya mpira ya bei rahisi, matairi ya baadhi ya magari ya mfano na nyayo za wanasesere, ina mafuta ya kuilainisha ambayo hutoka taratibu. Vikikaa juu ya akriliki miezi kadhaa, hasa kwenye joto, huacha alama zilizoyeyuka na vinyufa. Weka kipande cha kioo chembamba au karatasi isiyo na asidi chini ya kila kitu chenye mpira laini.

Gundi ya stika na ya ile karatasi ya kinga ya kiwandani huondolewa kwa mafuta ya kula au mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, kisha kuoshwa kwa maji ya sabuni mara mbili. Mafuta ya taa hayaidhuru akriliki; petroli inaidhuru. Hapa ndipo watu huchanganya, kwa kuwa harufu zinakaribiana. Karatasi ya kinga yenyewe itoe ndani ya miezi sita tangu kununua, mapema zaidi kama bamba limekaa juani, maana gundi yake hukauka na kung'ang'ania.

Kuondoa mikwaruzo

Kabla ya yote, hakikisha kasha halina tabaka la kuzuia mikwaruzo au la kuzuia mng'ao. Kama lipo, polishi italitoboa na kuacha doa lisilorekebishika. Kasha la namna hiyo linaoshwa tu.

Mikwaruzo isiyonasa ukucha inaondoka kwa polishi ya plastiki. Novus namba 2 ni maarufu kwa kazi hii, na namba 3 ni ya mikwaruzo mizito. Ukikosa, polishi laini ya gari isiyo na amonia inafanya kazi, ila ijaribu kwanza upande wa chini na uiache usiku mzima uone kama kuna vinyufa. Weka kiasi cha punje ya harage kwenye flaneli safi, sugua kwa kwenda na kurudi, halafu kwa kukatiza mistari hiyo, mpaka polishi ianze kukauka, kisha futa kwa kitambaa kingine. Mara tatu au nne ni kawaida. Dawa ya meno inaondoa mikwaruzo midogo sana, lakini ukali wake hutofautiana kati ya aina na aina, na zile za kung'arisha meno huongeza mikwaruzo. Mimi nisingeiweka kwenye upande wa mbele.

Mkwaruzo unaonasa ukucha unataka msasa wa maji. Anza na namba laini kadiri inavyotosha: 800 kwa mkwaruzo wa kawaida, 600 kwa ulioingia, na 400 pale tu ambapo 600 imeshindwa. Funga msasa kwenye kifutio au kipande cha mpira mgumu, tia maji yenye tone la sabuni, na usisugue mstari wenyewe peke yake. Hilo ndilo kosa linaloharibu makasha mengi zaidi ya mikwaruzo yenyewe: unachimba kibonde, na kila kitu kikionekana kupitia hapo kinapinda kama kwenye lenzi. Kwa mkwaruzo wa sentimita 5, sugua eneo la sentimita 15 hadi 20, ukipunguza nguvu kadiri unavyotoka katikati.

Sugua upande mmoja mpaka mkwaruzo upotee na eneo lote liwe jeupe sawasawa. Suuza kasha, suuza mikono, mwaga maji. Ingia namba 1200 ukisugua kwa kukatiza mistari ya kwanza, na usiendelee mbele mpaka mistari yote ya nyuma imefutika. Kisha 2000, ikiwezekana 3000, kila mara ukigeuza mwelekeo. Chembe moja ya namba 600 iliyobaki kwenye maji ya namba 2000 inakurudisha mwanzo. Baada ya hapo ndipo polishi inaingia, ile kali kwanza kisha laini.

Ukitumia drili yenye sponji, kaa chini ya mizunguko 1,500 kwa dakika, iweke polishi ya kutosha na usisimame mahali pamoja. Akriliki huanza kulainika kwenye nyuzi joto 100 hivi, na msuguano wa sekunde chache unafika huko. Gusa kwa nyuma ya kiganja. Ukisikia moto, acha ipoe.

Ukitengeneza jipya, lijenge lisipasuke

Uangavu wa kasha la miaka kumi ijayo unaamuliwa siku ya kukata. Kwa pande zisizozidi sentimita 30, unene wa milimita 3 unatosha. Mpaka sentimita 60 chukua milimita 4 au 5, na zaidi ya hapo 6 kwenda juu. Kifuniko kipana cha milimita 3 hulala katikati kwa uzito wake mwenyewe, polepole, na hakirudi.

Kingo zinazoungwa zisiunguzwe kwa moto ili zing'ae. Moto unaacha mkazo mkubwa, na gundi ikigusa hapo zinapasuka. Kwangua kwa mgongo wa kisu au randa, ukingo uwe bapa kabisa. Vipande vilivyotoka kwenye leza ni bora vipitie oveni ya karakana inayodhibitiwa: nyuzi 80 kwa akriliki ya kumiminwa, karibu saa moja kwa kila milimita 3 za unene na isipungue saa mbili, kisha vipoe humo humo mlango ukiwa umefungwa. Ya kukamuliwa iwekwe nyuzi 70, maana hujikunja upesi. Oveni ya jikoni haiaminiki, joto lake hupanda na kushuka.

Gundi ya maji ya akriliki, kama Weld-On 4, huyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja. Weka vipande vimesimama, pitisha nyaya nyembamba za milimita 0.2 hivi kwenye kiungo, tia gundi kwa bomba la sindano lenye sindano nyembamba, ngoja sekunde 20 hadi 30 uso ulainike, vuta nyaya, uzito wa kipande ukikandamize kiungo wenyewe. Usiguse kwa dakika kumi, usikitwishe mzigo kwa siku moja hadi mbili. Viputo maana yake ukingo haukuwa bapa. Gundi nyingi za namna hii zina kiyeyushi kiitwacho dikloromethane, ambacho mvuke wake ni hatari; Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi mwaka 2024. Fanyia kazi mahali penye upepo, mbali na moto, na usitegemee glavu nyembamba za mpira, gundi hupenya.

Mafundi wa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar wanalijua tatizo la kiungo kinachogeuka cheupe wakati wa masika. Gundi ikiruka kama mvuke inapoza uso, unyevunyevu wa hewa unaganda pale, na kiungo kinakuwa kama maziwa. Tumia gundi inayokauka polepole zaidi, fanya kazi katikati ya mchana badala ya alfajiri ambapo hewa imelowa zaidi, au ndani ya chumba chenye kiyoyozi ambamo mabamba yamekaa siku kadhaa yakakauka. Gundi za matone za kubandika papo kwa papo zisitumike kabisa. Mvuke wake hutua pembeni ya kiungo na kuacha ukungu mweupe.

Baada ya kuunga, liache kasha wazi siku mbili au tatu. Ukilifunga mapema, mvuke wa gundi unabaki ndani na kuanza kushambulia kingo.

Matundu ya skrubu yawe makubwa kuliko skrubu. Akriliki ya urefu wa mita moja hurefuka karibu milimita 1 joto likipanda nyuzi 15, na chumba cha pwani kinachowashwa na kuzimwa kiyoyozi hubadilika joto kila siku. Kwa skrubu ya milimita 4, toboa milimita 6, weka washa ya nailoni, kaza kwa vidole kisha robo mzunguko tu.

Kitako, mwanga na kuhamisha

Akriliki haitoi mvuke unaodhuru vyuma; matatizo ya kombe la fedha hutoka kwenye kitako. MDF na mbao kama mwaloni hutoa asidi, kitambaa cha sufu kina salfa inayoifanya fedha iwe nyeusi, na silikoni yenye harufu ya siki hushambulia shaba na risasi. Chagua silikoni isiyo na harufu hiyo. Makumbusho hupima vifaa kwa jaribio la Oddy, lililoanzia British Museum mwaka 1973: kipande cha kitu kinachopimwa hufungiwa kwenye chupa pamoja na vibamba vya fedha, shaba na risasi na maji kidogo, nyuzi 60 kwa siku 28. Nyumbani inatosha kuacha kitako kilichopakwa rangi kikauke wiki tatu au nne mahali penye upepo, na kukifunika kwa pamba iliyofuliwa bila wanga.

Balbu ya halojeni isikae ndani. Joto lake huipinda akriliki. Taa ya LED inafaa, kifaa chake cha umeme kikiwa nje. Na kwa wenye jezi zilizotiwa saini: akriliki ya kawaida hupitisha sehemu ya miali ya jua inayopausha wino. Iko aina inayochuja miali hiyo, iulizie kwa jina la akriliki ya kuchuja UV, lakini hata hiyo haizuii mwanga unaoonekana, ambao nao hupausha. Kasha lisipigwe jua la moja kwa moja.

Likihamishwa, lioshe kwanza ili usifungie mchanga ndani. Lifunge kwa shuka ya pamba iliyofuliwa, kisha plastiki ya polithini. Mfuko wa viputo ukigusa akriliki moja kwa moja ndani ya gari lenye joto huacha duara ndogondogo usoni, kwa hiyo ukae juu ya shuka. Kasha lisafiri limesimama kama linavyokaa, bila kitu juu ya kifuniko, na ulifungue siku hiyo hiyo likifika.